Glasi ya Kwanza ni ya Mwaura

Kwa wiki nzima Mwaura amesimama kwenye bustani ya Mama Bhagwanti, kule Milimani, Nakuru, glasi ikiwa mdomoni. Tumwonee huruma. Mkono wa binadamu huchoka.

Wale mliotumia gazeti la wiki jana kufungia mandazi, nawakumbusha kwa ufupi, tena kwa masikitiko. Mwaura hutengeneza bia isiyolevesha iitwayo Kesho Kazi. Zamani alikuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Siku hizi hata dawa ya kikohozi huisoma karatasi yake yote kabla ya kuigusa. Ndani ya glasi aliyoshika mna pombe ya kweli. Yeye hajui. Akina mama waliojaa bustanini hawajui. Anayejua ni Lynn peke yake, binti yake wa kidato cha tatu, aliyesimama kando ya meza na ndoo ya barafu, uso umepauka kama uji wa bweni.

Anajua kwa sababu ni yeye aliyeiweka.

Glasi ikainama. Povu likagusa masharubu.

"Nyoka!" Lynn akapiga yowe, akairusha ndoo nzima.

Barafu ikaruka. Glasi ikaanguka kwenye saruji na kuvunjika. Akina mama wenye heshima zao walipanda viti kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana katika mkutano wowote wa maombi. Mweka hazina wao alipanda mezani, na mkoba wake akapanda nao.

"Nyoka wapi?" aliuliza Mama Bhagwanti, mwenye nyumba. Ni yeye peke yake aliyebaki ameketi, fimbo magotini. "Mimi nimekaa hapa tangu Nakuru ikiwa mji mdogo. Sijaona nyoka. Sijaona hata mjusi mwenye tabia mbaya."

"Alikuwa hapo, Mama. Amepita hapo kwa maua."

"Rangi gani?"

Aliyeuliza swali hilo hakuwa Mama Bhagwanti. Lynn aliijua sauti hiyo hata usingizini. Ilikuwa ya Madam Akeyo, naibu wa mwalimu mkuu katika shule yake ya bweni na, kwa bahati mbaya isiyo na kifani, mwenyekiti wa Muungano wa Akina Mama Dhidi ya Pombe.

"Rangi ya... ya nyoka, Madam."

"Lynn. Uliunganisha sauti ya ng'ombe kwenye spika za paredi nikiwa naomba. Nikafumbua macho, shule nzima inalia kwa kicheko. Nikakutuma nyumbani ukatulie. Huku ndiko kutulia?"

"Hapana, Madam."

"Basi huyo nyoka akirudi, mwambie angoje tumalize. Bwana Mwaura, jaza nyingine."

Hapo ndipo Lynn alipojua kwamba nyoka alikuwa amekufa bure.

Msomaji mpole, ni lazima uelewe desturi ya Kesho Kazi, vinginevyo utadhani huyu msichana ana kichaa. Kila bia mpya ikifunguliwa, glasi ya kwanza huinywa Mwaura mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Mtu ambaye glasi moja ya pombe inaweza kumrudisha mtaroni ndiye anayeonja kabla ya wote. Mama Bhagwanti alipompa ghala lake la zamani la kusagia mahindi, watu walimcheka. Umempa mlevi kiwanda cha bia? Akawajibu, "Mtazameni akinywa." Wakamtazama. Wakaamini.

Siri yote imo kwenye hamira. Hamira ya mandazi ni mlafi. Ukiitia kwenye maji ya kimea cha shayiri, inafyonza sukari yote na kukuachia pombe. Hamira ya Mwaura huagizwa kutoka ng'ambo, na yeye huisifu kama mzazi siku ya kufunga shule. "Hii ina adabu," husema. "Inakula sukari nyepesi kidogo tu. Ile sukari kubwa ya kimea haiiwezi. Ikishashiba, inalala." Bia inabaki na ladha, na utamu fulani wa shayiri, na kileo kidogo mno, kama cha ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Sasa sikia dhambi. Siku ya Jumanne Mwaura alionja tangi la pili mbele ya majirani, kama desturi, akaridhika, akaliacha litulie. Lynn alisubiri mpaka baba yake aonje. Alisubiri makusudi, maana yeye ni mtundu, si mnyama. Kisha akamwaga humo pakiti ya hamira ya mandazi na kuzima mtambo wa baridi ili ichachuke. Aliyemlenga alikuwa Madam Akeyo. Alitaka tu kumwona akianza hotuba dhidi ya pombe na kuimaliza akicheza ngoma ya isukuti juu ya kiti.

Alifikiria kila kitu, isipokuwa vitu viwili. Hakujua kwamba Madam Akeyo angetaka kuiona glasi ya kwanza kwa macho yake mwenyewe. Tena hakujua kwamba baba yake, ambaye hutumbukiza kipimo cha kioo cha kupimia kileo katika kila tangi kabla ya kujaza mitungi, wiki hiyo angesahau. Mwaura alikuwa na shughuli. Alikuwa anapaka lango la ghala rangi ya buluu.

Alikuwa anapaka kwa sababu Wawira anakuja.

Wawira ni mama yake Lynn. Alihamia Naivasha, kwenye mashamba ya maua, wakati Mwaura alipokuwa akilala mtaroni. Aliondoka na neno moja: "Siku utakayosimama mbele ya watu ukiwa na akili zako, niite." Mwaura amemwita. Leo ndiyo siku yenyewe, na Wawira yuko njiani.

"Povu limezidi," alisema Mwaura akijaza glasi ya pili. Aliutazama mfereji wa mtungi kwa mashaka kidogo. "Barabara ya Industrial Area imeitikisa."

"Baba, ngoja..."

"Usiogope. Nyoka haji mara mbili."

Akainua glasi. Akina mama wakanyoosha shingo.

Lynn akampokonya. Akainywa yeye mwenyewe, yote, bila kupumua, mbele ya naibu wa mwalimu mkuu na Muungano mzima wa Akina Mama Dhidi ya Pombe.

Ilishuka kavu. Ule utamu wa shayiri haukuwepo tena, ulikuwa umeliwa wote. Tumboni hamkuwa na chakula cha mchana, kwa hiyo moto ulifika moja kwa moja na kukaa.

"Leo nimeonja mimi," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Kwa... kwa niaba ya vijana."

Lynn akangoja radi.

Madam Akeyo alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Mmeona?" alisema kwa sauti iliyolainika ghafla. "Huyu ndiye mtoto niliyekuwa nataka kukata tamaa naye. Kumbe anaweza kusimama kwa jambo la maana."

Makofi yakaenea. Mama mmoja akapiga vigelegele. Lakini Lynn hakuwa anawatazama hao. Alikuwa anamtazama baba yake, na baba yake alikuwa analia.

"Kina mama," Mwaura alisema, kipaza sauti mkononi. "Huyu mtoto akiwa mdogo alikuwa ananivua viatu nikianguka mlangoni. Glasi ya kwanza nimekuwa nikiinywa peke yangu miaka yote hii, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwambia mtu aniamini kabla sijaonja. Leo mtoto wangu ameninywea. Hakuniuliza kuna nini ndani. Amejua tu, ni ya baba."

Akafuta macho kwa kifundo cha mkono, penye saa.

Ile saa, msomaji. Saa ya chuma, kubwa, kioo chake kina ukungu kwa sababu huosha matangi akiwa ameivaa. Zamani Mwaura alipokuwa anaenda kunywa, aliivua na kuiacha mezani, maana alijijua: angeenda nayo, angerudi bila. Lynn mdogo akitoka shule hakuhitaji kuambiwa. Akiiona saa mezani, alijipikia. Tangu Mwaura aache pombe, saa haijatoka mkononi hata siku moja.

Kama angempiga kofi, Lynn angeshukuru. Kofi lina mwisho.

"Sasa," Madam Akeyo akatangaza, "kila mtu ashike glasi yake! Bwana Mwaura naye ajaze, tunywe pamoja."

Glasi zikaanza kuzunguka. Bia ikamiminwa, yenye povu, ya rangi ya asali, imependeza kama kitu kisicho na hatia. Mwaura akajaza yake.

Lynn akamshika mkono na kumvuta nyuma ya meza.

"Baba, usinywe."

"Wewe nawe. Nini tena, mamba?"

"Hiyo si Kesho Kazi."

"Ni nini basi?"

"Ni pombe."

Mwaura alicheka. Halafu akamtazama usoni, na kicheko kikaisha taratibu kama mshumaa.

"Nimeweka hamira ya mandazi kwa tangi. Jumanne, ukishaonja. Nilitaka Madam alewe. Nilijua wewe ushaonja, Baba, nilijua hautaguza..."

Mwaura akaisogeza glasi puani. Akanusa. Kisha akaiondoa, lakini si haraka. Lynn aliona. Pua ile ilikuwa imekutana na mtu iliyemfahamu sana, na haikutaka kuagana naye upesi.

"Wewe umeimaliza yote?" akauliza.

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Bado."

"Kuna chapati pale mezani. Kula sasa hivi. Mbili."

"Baba, nichape basi."

"Nimesema kula."

Alifunga mfereji. Alikichukua kipaza sauti. Alitembea polepole, kama mtu anayekwenda kutangaza msiba.

"Kina mama, wekeni glasi chini. Msinywe. Hii bia ina kileo."

Kelele iliyofuata siwezi kuiandika gazetini. Mweka hazina, aliyekuwa ametangulia kuonja kidogo, alitema kwenye maua ya Mama Bhagwanti.

"Ina kileo vipi?" Madam Akeyo alisimama. "Hii ndiyo bia tuliyokuwa tuipeleke kwenye sherehe za kanisa! Harusi za watoto wetu!"

"Nilitia hamira isiyofaa. Kosa ni langu."

"Mtu anayejua hamira kama wewe? Ulikosea ukiwa na akili zako?"

Mwaura akageuka. Alimtazama binti yake, chapati mdomoni, mashavu yamejaa, macho yamejaa zaidi. Alijua kama Lynn alivyojua: akimtaja, Madam Akeyo hatamrudisha tena shuleni. Ng'ombe alisamehewa. Hili halisameheki.

"Hapana," alisema. "Sikuwa na akili zangu."

"Maana yake nini, Bwana Mwaura?"

"Nimerudia."

Mama Bhagwanti aliiangusha fimbo yake.

"Mwaura," alisema mzee huyo. "Nitazame mimi. Umerudia?"

"Nimerudia, Mama."

Wakati huohuo lango dogo lilikuwa limefunguliwa. Mwanamke alikuwa amesimama hapo na furushi la waridi lililofungwa kwa gazeti, waridi zile ambazo shamba halizisafirishi kwa sababu shina limepinda. Alikuwa amevaa vizuri. Alikuwa amesuka. Alikuwa ametoka Naivasha kuja kusikia neno moja, na alifika akasikia hilo.

Wawira aliyaweka maua chini, kando ya lango, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akageuka.

"Mum!"

Lynn alimkuta barabarani, tayari amepanda bodaboda iliyomleta.

"Panda," Wawira alisema bila kumtazama. "Tunaenda Naivasha. Hukai na huyo mtu tena."

"Mum, hajakunywa. Amedanganya."

"Nimesikia na masikio yangu."

"Ni mimi! Mimi ndiye nimeweka hamira!"

Wawira akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Lynn, acha. Unamfunika tangu ukiwa na meno ya maziwa. 'Baba ana malaria, Mum.' 'Baba ameanguka kwa sababu ya mvua, Mum.' Nilikuwa naamini, ama nilijifanya. Leo sitaki. Panda."

Mwenye pikipiki aliwasha injini, akangoja.

Nawaomba mtulie hapa kidogo, maana shetani aliongea na Lynn kwa ufasaha mkubwa. Kiti cha nyuma kilikuwa wazi. Mbele yake palikuwa na mama, na Naivasha, na shule mpya labda, na uongo wake wote wa utotoni ukimsaidia kwa mara ya kwanza, kwani hata akisema ukweli hakuna anayemwamini. Alikuwa ameshasema. Si kosa lake kama hasikiki. Nyuma yake palikuwa na Madam Akeyo.

Akaweka mguu mmoja kwenye pikipiki.

Akauondoa.

"Mum, njoo unisikie nikisema mbele ya Madam Akeyo. Yule ni naibu wa mwalimu mkuu wetu. Nikisema pale, nimefukuzwa shule leo hii. Mtu anaweza kudanganya ndio afukuzwe?"

Wawira alimtazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtoto fulani ndani ya huyu msichana mrefu.

"Zima pikipiki," akamwambia mwenye boda.

Bustanini akina mama walikuwa wamegawanyika makundi makundi, kila kundi likikumbuka jinsi lilivyokuwa limeshuku tangu mwanzo. Kipaza sauti kilikuwa kimelala kwenye kiti. Lynn alikichukua. Kikalia kwa ukali, wote wakageuka.

"Hamira niliweka mimi," alisema. "Baba hajui kitu. Nilisubiri aonje, halafu nikaweka, na nikazima baridi. Nilitaka Madam Akeyo alewe akihutubia. Hakukuwa na nyoka. Na hiyo glasi sikuinywa kwa niaba ya vijana. Niliinywa asiinywe yeye."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii.

Madam Akeyo alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka, na jambo hilo Lynn hakuwa amejiandaa nalo.

"Lynn, unaelewa unachokisema kina maana gani kwa shule?"

"Naelewa, Madam."

"Na unasema bado?"

"Nasema."

"Mimi nilikupigia makofi," Madam Akeyo alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu hawa wote nilikupigia makofi." Akaivaa miwani tena. "Ya shule tutaongea shuleni. Hapa kwanza kuna mtu nimemwita mlevi."

"Mwaura je?" Mama Bhagwanti aliuliza. "Hajaguza?"

"Hajaguza, Mama. Hata tone. Muulizeni mwenyewe." Lynn akageuka kwenye meza. "Baba?"

Nyuma ya meza hapakuwa na mtu.

"Baba!"

"Alisema anarudisha mitungi kwa pikapu," alijibu mweka hazina, ambaye sasa aliongea kwa upole mkubwa. "Alipakia ule mmoja uliofunguliwa. Nilitaka kumsaidia, akasema mama, huu nitaubeba peke yangu. Mimi nilidhani ni aibu tu."

Lynn alikimbilia nyuma ya nyumba. Mahali pa pikapu palibaki doa la mafuta na lango kubwa likiwa wazi. Aliporudi, mama yake alikuwa amesimama kando ya meza, hasogei.

Glasi ya Mwaura, ile aliyoijaza mwenyewe na kuinusa, haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na saa ya chuma, kioo chake kina ukungu, imelazwa vizuri, mkanda umekunjwa.

Wawira aliichukua na kuifumbata kiganjani.

"Lynn," alisema, "bado ina joto la mkono."